Chupa ya Samaki kwa Mheshimiwa

Chupa ya samaki ilirudi. Lorena Willard aliishusha mezani ikiwa bado imefungwa utepe mwekundu, akavua koti lililolowa, akakaa. Mama yake, Bi Esther, alikuwa dirishani akishona vifungo kwenye blanketi la sherehe. Aliitazama chupa kwanza, kisha mwanawe.

"Hawakula?"

"Hawakuipokea, Mama."

"Iliharibika njiani?"

"Sheria. Yule kijana wa ofisini kwa Mheshimiwa Gunderson kasema mbunge haruhusiwi kupokea zawadi hivi hivi. Kaniuliza bei."

"Bei ya nini?"

"Ya samaki."

Bi Esther alichoma sindano kwenye mto wake na kuiacha hapo. Tangu kuzaliwa kwake hakuna mtu wa Ghuba ya Tenas aliyewahi kuuliza bei ya samaki aliowakausha yeye kwa moshi. Walikuwa wakipewa, wakishukuru, na chupa tupu wakirudisha. Kukataa chakula cha mtu ni kumwambia kwamba humtaki mlangoni kwako, na Lorena alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana alipokuwa akirudi kutoka Juneau, mji mkuu wa jimbo, alikuwa ameificha chupa ndani ya mkoba, chini ya soksi, abiria wenzake wasiione.

"Na ulimjibu nini?" Bi Esther aliuliza.

"Nilimwambia sijui bei. Akasema basi hawezi kuiandika popote, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Halafu akanipa kalamu ya ofisi. Kalamu ya bure, Mama. Hiyo inaruhusiwa."

Hollis, mume wa Lorena, aliyekuwa jikoni akigeuza mikate ya kukaanga, hakuweza kujizuia.

"Mngenipa mimi. Mimi mgeni wenu katika nyumba hii miaka yote, na sijawahi kukataa kitu."

"Wewe unyamaze, Tai mlafi," Bi Esther alisema, lakini mdomo wake ulilegea kidogo.

Utani huo ulikuwa haki yao. Bi Esther na Lorena ni wa upande wa Kunguru, maana upande hurithiwa kwa mama, Hollis ni wa upande wa Tai, na kwetu Kunguru haoi Kunguru wala Tai haoi Tai. Pande hizo mbili huoana, hutaniana, na huzikana. Mjomba Clarence, kaka yake Bi Esther, alipofariki Oktoba iliyopita, Kunguru hawakugusa jembe wala sufuria. Tai ndio waliomwosha, wakachimba kaburi, wakapika na kukesha na wafiwa. Mwaka ukitimia, Kunguru wanapaswa kuwaita Tai wote waliowasaidia, wawalishe, wawatuze, walie nao kwa mara ya mwisho, na matanga yaondolewe. Kabla ya hapo hakuna ruhusa ya kumaliza kulia. Koti la Mjomba lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya mlango likingoja siku hiyo, na Lorena, ambaye Mjomba huyo ndiye aliyemfundisha kuendesha boti na kuishi na watu, alikuwa akilipita kila asubuhi akiwa ameangalia pembeni.

Tatizo lilikuwa kwamba Tai wenyewe wametawanyika visiwani kote, na Ghuba ya Tenas haina barabara ya kwenda popote. Watu huja kwa feri ya jimbo, pamoja na bibi zao, ngoma zao na maboksi yao. Na sasa wabunge walikuwa wanajadili bajeti ambayo ingefuta safari zote za vijiji vidogo kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua. Mtu anaweza kusema, si wapande ndege? Ile ndege ndogo ya kutua majini inachukua watu watano. Ukitaka kuipanda wanakupima uzito kwenye mizani, wewe mwenyewe, mbele ya jirani zako, halafu wanakudai nauli ambayo familia nzima ingekula mwezi. Na mtu mwingine atasema, si wafanye kiangazi? Kiangazi ni cha samaki, na mwaka wa marehemu haujatimia. Mbunge anaweza kusogeza bajeti, lakini hawezi kusogeza siku aliyokufa Mjomba Clarence.

"Kwa hiyo amesemaje huyo Gunderson wako?" Hollis aliuliza akileta mikate mezani.

"Sikumwona. Alikuwa mkutanoni. Kamati imegawanyika katikati, na kura yake ndiyo hawajui itaangukia wapi. Kijana kasema tutoe ushahidi kwa simu. Kila mtu dakika mbili."

"Dakika mbili?" Bi Esther alisema. "Mtu anaweza kusema nini kwa dakika mbili?"

Lorena alimtazama mama yake, akaona kazi iliyo mbele yake.

Mazoezi yalifanyika ukumbini, kukiwa na birika kubwa la kahawa na mvua iliyokuwa ikipiga bati. Lorena alikuwa amechaguliwa kuongoza harakati za kuitetea feri kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyekubali. Yeye ndiye aliyewafanya watu wote wa kijiji, hata wale wasioandikiana barua na watoto wao, watume kadi kwa wabunge. Leo alisimama mbele na saa ya jikoni ya kuhesabia dakika, yenye umbo la kuku.

"Jina, kijiji, halafu feri," alisema. "Jina, kijiji, feri. Kuku akilia, umekatwa. Hawakuongezei hata pumzi."

Wendell, binamu yake mvuvi, alijaribu wa kwanza akamaliza mapema mno. Trudy mwenye duka, wa upande wa Tai, alijaribu, akakatwa na kuku akiwa bado anaelezea bei ya maziwa. Akarudia, safari hii akamaliza. Watu wakapiga makofi. Ndipo Bi Esther akasimama, akanyoosha sketi yake, akaanza na jina lake la kikwetu, na la mama yake, na nyumba waliyotoka. Kuku akalia kabla hajafika kwa baba.

"Mama," Lorena alisema, "hao wabunge hawahitaji kujua nyumba."

"Watajuaje wanaongea na nani?"

"Utakuwa umetaja jina. Esther James. Basi."

"Esther James wako watatu katika visiwa hivi, na mmoja ni mwongo." Watu wakacheka, lakini Bi Esther hakucheka. "Zamani mtu akifika mlangoni akaomba kitu kabla hajasema yeye ni mtoto wa nani, walimfungia mlango. Sasa wewe unanifundisha mimi kubisha hodi kama mwizi?"

"Nakufundisha kushinda, Mama. Wewe ukipoteza dakika zako, tumepoteza sauti ya dada wa marehemu. Nani mwingine anayo?"

Lorena alijiona amemkaripia mama yake mbele ya Kunguru na Tai pamoja, akaona aibu mpaka masikioni, lakini hakuyarudisha maneno. Bi Esther aliiangalia ile saa ya kuku kwa muda.

"Sawa," alisema. "Jina, kijiji, feri."

"Unaniahidi?"

"Mimi nimeshakubali. Sasa mnataka niape kwa kuku?"

Siku yenyewe walikaa kuizunguka simu yenye kipaza sauti kama watu wanaoota moto. Walisikiliza mashahidi wa miji mingine tangu saa saba mchana. Mmoja alitaka uvuvi, mwingine alitaka shule, mwingine alitaka kodi ishuke na barabara ipande, na mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye sauti ya ualimu, aliwashukuru wote kwa sauti ileile. Hatimaye akasema, "Ghuba ya Tenas. Shahidi wa kwanza, Esther James. Dakika mbili, Bibi."

Bi Esther aliisogelea simu. Alikuwa amevaa skafu yake ya kanisani, ingawa hakuna aliyekuwa anamwona.

"Naitwa Esther James," alisema. "Kijiji changu ni Ghuba ya Tenas."

Lorena alishusha pumzi. Mama yake akanyamaza kidogo, kama mtu aliyesimama mlangoni kwa watu na kujikuta ameacha viatu nyumbani. Halafu akafumba macho, na jina lake la kikwetu likatoka, refu na taratibu. Likafuatwa na upande wa Kunguru, ukoo wa Chura, nyumba ya Ufukweni. Akamtaja mama yake na kisiwa alichozaliwa. Akasema yeye ni mtoto wa Dubu, ukoo wa upande wa Tai, kwa kuwa baba yake alikuwa wa huko, na akakitaja kijiji cha baba yake, na namna alivyovuka maji kuja kuoa. Akamtaja babu mzaa baba. Lorena alikuwa akimwonyesha kwa vidole, kwa macho, kwa saa ya kuku, lakini Bi Esther alikuwa mbali, anapita mlango mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza upande wa bibi mzaa mama pale kengele ya kamati ilipolia.

"Asante sana, Bibi. Muda wako umekwisha."

"Sijaanza," Bi Esther alisema.

"Asante. Shahidi anayefuata, Hollis Willard."

Bi Esther alirudi nyuma polepole. "Nilisahau," alimnong'oneza mwanawe. "Mdomo ulienda wenyewe." Lorena alikuwa anaona wiki zote zile za kadi na simu na safari zimezama katikati ya ukoo wao, na alikuwa na hasira, na alikuwa anampenda mama yake.

Hollis alisimama. Mkononi alikuwa na karatasi aliyoandikiwa na mkewe, yenye hesabu nzuri za abiria. Aliikunja, akaitia mfukoni. Kwetu, mtu wa upande mmoja akisimama na kusema, wa upande wa pili lazima amjibu, ili maneno yake yasianguke chini. Ukiyaacha yaanguke umemtukana. Na simu ile ilikuwa haijamjibu Bi Esther chochote isipokuwa kengele.

"Mimi ni Hollis Willard, Tai, wa ukoo wa Dubu," alisema. "Huyo bibi mliyemkatisha amewaambia ni mtoto wa Dubu. Yaani baba yake ni mtu wa kwetu. Kwa hiyo akifiwa, sisi ndio wa kumshika mkono. Oktoba tulikuja kumzika kaka yake. Tulikuja kwa feri yenu, watu themanini na majeneza... samahani, jeneza lilikuwa moja, maboksi ya chakula ndiyo yalikuwa mengi. Oktoba hii anatuita tumfute machozi. Mimi nalala chumba cha pili, nitafika kwa miguu. Ndugu zangu wako ng'ambo ya maji. Bi Esther, tumekusikia, tunakuja. Waheshimiwa, tunaomba chombo tu."

Alikaa. Kengele haikuwahi kulia. Lorena alimtazama mume wake kana kwamba alikuwa amempata jana.

Wendell naye aliacha karatasi yake mezani. Yeye, Kunguru, alimjibu Hollis. "Umesema mnakuja, nami nimesikia. Kwenye friza zetu kuna matunda na samaki na mafuta ya sili ya kuwalisha ninyi Tai kwa siku mbili. Msipokuja itabidi niyale peke yangu, na daktari amenikataza." Kwenye simu, mbali kabisa, mtu akacheka kisha akakohoa kuficha. Trudy akamjibu Wendell. Alisema ana shangazi wa miaka tisini anayempenda Clarence mpaka leo, na mara ya mwisho alipojaribu ndege walimpandisha kwenye mizani na ngoma yake mbele ya watu, wakamwambia achague, aende yeye au iende ngoma. "Aliituma ngoma," Trudy alisema. "Alikaa nyumbani akalia, ngoma ikaja peke yake. Shangazi yangu si mzigo, waheshimiwa. Safari hii aje na ngoma yake."

Ikabaki Lorena. Alikuwa na takwimu zake zote mbele yake, na alikuwa amezirudia mpaka bafuni. Akaisogelea simu.

"Naitwa Lorena Willard, binti wa Esther. Takwimu zetu mnazo mezani, mtazisoma. Nitasema neno moja tu. Huku kwetu mtu akisema, upande wa pili humjibu. Mama yangu amewaambia yeye ni nani, na nyinyi hamjamjibu. Muda wangu uliobaki nawaachia."

Akanyamaza. Ukumbi mzima ukanyamaza naye. Simu ikawa inavuma tu, na ndani ya mvumo huo zikasikika karatasi zikihama mkono na kiti kikilia.

"Mwenyekiti," sauti ya mwanamume ikasema.

"Mheshimiwa Gunderson, kamati haiwajibu mashahidi. Unajua utaratibu."

"Naujua. Mbunge anaruhusiwa kuuliza swali."

"Swali, ndiyo."

"Basi nina swali." Akasafisha koo. "Ila nadhani natakiwa kujitambulisha kwanza. Naitwa Carl Gunderson. Mama yangu ni Ardis. Baba yake alikuwa Nels, alilima ngano Dakota Kaskazini, na bibi yake alitoka Norway kwa meli akiwa na sanduku moja na mbuzi, ingawa habari ya mbuzi huwa tunabishana. Mimi ni wa upande gani, sijui. Bi Esther, nimekusikia. Swali langu ni hili: ulipokatishwa, ulikuwa umefikia wapi?"

Bi Esther aliinuka haraka kuliko alivyoinuka mwaka mzima.

"Nilikuwa nafika kwa bibi yangu mzaa mama."

"Endelea, tafadhali. Jibu la swali la mbunge halina kengele. Sivyo, Mwenyekiti?"

"Halina," Mwenyekiti alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa ya ualimu.

Bi Esther akaendelea. Akampitia bibi mzaa mama, na nyumba yake, na watu walioolewa ng'ambo, na waliorudi, na kila aliyetajwa alikuwa amevuka maji kumfikia mwenzake, mpaka hata mtu asiyejua kisiwa kimoja kati ya vile angeweza kuviona vimefungamana. Mwisho kabisa akamtaja Clarence. Sauti ikamkatika, akaiokota.

"Huyo ndiye kaka yangu. Na mimi ndiye huyo. Sasa ndipo naomba feri."

Halafu akakumbuka. "Na samaki wako bado yuko hapa, Mheshimiwa. Ulimrudisha bila kumwonja."

Kicheko kilichotoka kwenye simu ile hakikufichwa na mtu kwa kikohozi.

Habari ilifika Mei, Lorena akiwa dukani kwa Trudy. Fedha zimerudishwa: kila wiki safari moja, vuli nzima na baridi nzima. Gunderson alikuwa ameipa feri kura yake, na mwingine aliyekuwa upande wa kukata akamfuata. Lorena aliweka chini kikapu chake cha mayai, akatoka nje kwenye mvua, akapiga kelele mara moja kuelekea baharini, akarudi ndani kulipia mayai. Hollis alicheza jikoni na mwiko mpaka mikate ikaungua.

Bi Esther alikuwa na jambo lake. "Yule wa Dakota aalikwe."

"Mama, yule si Tai."

"Kunguru alisema, yeye akajibu. Anayemjibu Kunguru ni nani? Mimi sikuitunga sheria hii. Tena ananidai samaki, au mimi namdai, moja kati ya hayo."

Oktoba ilileta mvua yake ya kawaida, na katikati ya mvua hiyo feri ikaingia ghubani, nyeupe na bluu, ikipiga honi. Kunguru walisimama gatini wamevaa mablanketi ya vifungo, na Tai wakaanza kushuka wakiimba, maboksi begani. Shangazi wa Trudy alishuka na ngoma yake kifuani, akiipiga yeye mwenyewe, na watu wakampisha njia kama malkia. Lorena alikuwa akicheka na machozi yanamtoka, na hakujishughulisha kuyatenganisha.

Karibu na mwisho akashuka mwanamume mrefu mwenye koti jipya lisilojua mvua ya huku, akiwa amemshika mkono bibi kizee mwembamba mwenye kofia ya sufi.

"Bi Esther," alisema, "mimi ndiye Carl. Nimemleta mama, maana swali lolote la ukoo yeye ndiye anayelijua."

Bi Esther alimtazama yule bibi juu mpaka chini. "Karibu, dada. Wewe ni mtoto wa nani?"

Ardis aliegemea fimbo yake, akaanza. Akaanza na Nels na ngano, akarudi nyuma kwa bibi wa sanduku, akamtetea mbuzi kwa ushahidi wa kutosha, akaingia kwa mashangazi. Hollis alisimama pale na maboksi mawili mikononi, mvua inamchuruzika shingoni, na Wendell akamnong'oneza, "Mletee kuku." Lorena akamkanyaga mguu. Bi Esther alisikiliza mpaka neno la mwisho bila kupepesa, kisha akasema, "Tumekusikia," na akatoa kutoka chini ya blanketi lake ile chupa, utepe wake mwekundu umefifia kidogo. Akamnyooshea mbunge.

Gunderson akarudi nyuma, uso umemwiva. "Bi Esther, naomba unielewe. Ningependa sana. Lakini ile sheria..."

Ngoma ikanyamaza, na Lorena akaikumbuka ile safari ya kurudi kutoka Juneau, chupa chini ya soksi.

"Mimi sikupigiwa kura na mtu yeyote," Ardis alisema, akaichukua chupa.

Aliukata utepe, akafungua kifuniko palepale mvuani, akachomoa kipande kwa vidole, akala. Akatafuna taratibu, akaguna kwa raha. Kisha akachomoa kipande cha pili, akamwelekezea mwanawe mdomoni.

"Hiki nakupa mimi, mama yako. Na hapo napo kuna sheria?"

Mheshimiwa Carl Gunderson akafungua mdomo. Bi Esther alimwangalia mpaka alipomeza. Halafu akageuka na kumshika Lorena mkono, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimshika udogoni kwenye gati lilelile.

"Nenda nyumbani ukashushe koti la mjomba wako, ulilete ukumbini," alisema. "Wageni wetu wote wamefika."